Karatasi za Mwalimu Mrusi

Wiki jana nilinunua njugu karanga pale Kutus, na mama muuzaji akanifungia njugu hizo kwa karatasi ya mtihani wa mtoto fulani. Alama nyekundu za mwalimu zilikuwa bado zinaonekana. Nilizibeba njugu hadi nyumbani na sikuweza kula hata moja. Ungekuwa pale ungeniuliza kuna nini, nami ningekudanganya. Acha nikuambie leo.

Nililelewa kijijini Gakindu na nyanya yangu, tuliyemwita Cucu. Siku za soko aliuza njugu. Alizikaanga kwa sufuria kubwa nyeusi, na harufu yake ikashuka hadi kwenye mibuni ya majirani. Kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi za kufungia. Unakata kipande, unakizungusha kwenye vidole, unabana ncha ya chini. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umelala kwenye migomba, nilipenda kutia njugu moto ili vidole vyangu vipate joto.

Tulipakana na mwalimu wetu wa Kiingereza. Alikuwa Mrusi. Mumewe, daktari wa mifugo, alienda kusomea kwao, akarudi naye, kisha akafa mapema na kumwachia nyumba ya mabati na ng'ombe mmoja. Watu walidhani atarudi kwao, lakini alibaki. Alimkamua ng'ombe mwenyewe na kuingia darasani na gambuti zenye matope. Katika mji wao mdogo alikuwa mwalimu na mhakiki wa vitabu katika gazeti la huko. Kwetu hakukuwa na vitabu vipya vya kuhakiki, kwa hivyo alihakiki insha zetu. Ile misemo tuliyokaririshwa, jua linalotabasamu na machozi yanayotiririka kama mto, aliipiga mstari yote. Pembeni aliuliza, "Uliona hivi kweli?"

Mama yangu alikufa nikiwa darasa la sita. Muhula uliofuata tuliambiwa tuandike kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Niliandika kwamba nililia hadi nikazirai kando ya kaburi. Mwalimu aliisoma yote kwa sauti, kisha akaniangalia.

"Wewe hukulia," alisema mbele ya darasa zima. "Mimi nilikuwa pale. Ulikuwa nyuma ya jikoni, unakula ndizi ya kuchemsha. Andika hiyo ndizi."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisimama akingoja, kana kwamba ningeweza kuchukua kalamu papo hapo. Sikuandika kitu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Haukupita muda akashikwa na kifua. Walimpeleka hospitali Nyeri, akakaa huko zaidi ya mwezi, na habari ikaenea kwamba harudi. Shemeji yake akaanza kutoa vitu nyumbani. Alimletea Cucu magunia mawili ya karatasi, naye Cucu akampa mkungu wa ndizi.

Niliujua mwandiko ule. Wino wa kijani, herufi zilizolala upande, nyingine kama zimegeuzwa nyuma mbele. Katikati ya Kirusi kile ambacho hakuna mtu Gakindu angeweza kukisoma, niliona sentensi nzima ya Kiingereza kutoka kwa insha ya mwenzangu wa dawati, ile ya baba yake akimwomba mbuzi msamaha kabla ya kumchinja. Nilijua nimeshika nini. Nikakunja. Soko baada ya soko nilikunja, na sitakuficha, niliona raha.

Kisha Mwalimu akarudi. Ilikuwa siku ya soko, naye alitembea polepole akishika mkongojo, amekonda hadi koti linamning'inia. Cucu alimkimbilia na njugu za bure.

"Karibu nyumbani, Mwalimu. Kula upate nguvu."

Alimimina njugu kiganjani, akatafuna moja, kisha akaikunjua karatasi.

"Mama, hii umetoa wapi?"

"Ni shemeji yako alileta. Ati ni takataka ya nyumba. Kwani iko na nini?"

"Ni kazi yangu. Vitabu vya kwetu, nasema kipi kiko na ukweli. Na insha za hawa watoto. Miaka yote nimekaa hapa."

Cucu alishika mdomo. "Woi, Mwalimu! Mimi sijui kusoma. Kwangu karatasi ni karatasi."

"Najua." Halafu akanigeukia. "Na wewe? Wewe unajua kusoma."

"Sikujua, Mwalimu. Nilidhani zimetoka duka."

Nilingoja aseme huo ni uongo. Akasema tu, "Haya," akaenda zake.

Cucu alizunguka soko lote akiomba watu warudishe karatasi. Zilikuja chache, zina mafuta na chumvi, nyingine nusu nusu. Pamoja na zilizobaki guniani hazikufika robo. Mwalimu alizianika kwenye ua. Kwa siku kadhaa nilimwona barazani na daftari jipya, kalamu iko mkononi, haishuki. Kisha daftari nalo halikuonekana tena.

Alirudi darasani, lakini hakupiga mistari tena. Jua letu likatabasamu, machozi yetu yakatiririka, naye akaandika chini ya kila insha neno moja, "Vizuri." Wenzangu walifurahi. Mimi nilishindwa kulala.

Mwisho nikaandika. Kurasa nne, bila msemo hata mmoja: magunia, wino wa kijani, raha niliyoiona, uongo wangu sokoni. Niliiweka chini kabisa ya rundo la insha, nikarudi mahali pangu.

Alikufa kabla hatujafanya mtihani wa mwisho. Mazishini walisema alikuwa jirani mwema na mfugaji hodari. Karatasi zilizosalia zilichomwa pamoja na godoro lake. Siku hizi kwenye kiwanja chake kuna duka la dawa za mifugo na kibanda cha bodaboda, na vijana wanaokaa pale hawajui kuwa mtu aliwahi kuishi hapo akiwasoma wazazi wao sentensi kwa sentensi.

Insha yangu alikuwa ameirudisha siku tatu baada ya mimi kuiweka kwenye rundo, pamoja na za wengine. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na lile neno moja, kwa wino wa kijani. Mpaka leo sijui kama aliisoma.