Hatua Arobaini na Moja Kurudi Nyuma

Dada yangu mkubwa alianza kudeki kwenye jengo hili la biashara likiwa na ghorofa moja na maduka thelathini, pembeni yake viwanja vitupu vya majani. Mimi alinivuta kazini miaka sita baadaye. Tangu hapo jengo halijapumzika. Wameongeza ghorofa, wameongeza sinema, wamechimba maegesho chini ya ardhi, na kila mara ni vumbi, plastiki na bango la mtu anayecheka sijui anacheka nini. Nilikuwa namwambia Dada kwamba jengo hili lina hamu za mjamzito. Alikuwa anacheka, zamani.

Wenzetu walimbandika jina la Ramani. Mteja akipotea, analetwa kwake, naye anamwelekeza bila hata kuinua kichwa: pita nguzo tatu, kata kulia, harufu ya kahawa ikikupiga puani umefika. Wote walimsifu. Mimi nilijua kwa nini hainui kichwa, na sifa zile zilinichoma.

Macho yalianza kumharibikia mwaka juzi. Aliniambia kila anachokitazama kina doa la moshi katikati. Anachoona ni kidogo tu cha pembeni, kama mtu anayechungulia mlangoni. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Dada akaniapisha nisimwambie mtu, hata wanawe. Mumewe alifariki wale mabinti wakiwa wadogo, na dekio lile ndilo lililowasomesha. Mdogo alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni.

"Mwaka mmoja tu, mdogo wangu," alisema. "Niache nimalize."

Nikamwacha. Kosa ni langu na sitafuti mtu wa kugawana naye.

Kuanzia hapo nilifanya kazi mbili, ya kudeki na ya kuogopa. Niliogopa ngazi za umeme. Niliogopa watoto wanaokimbia, milango ya vioo, matoroli. Nikisikia kitu kimeanguka ghorofa ya juu, moyo wangu unaanguka nacho. Dada alitembea katikati ya yote hayo kwa utulivu wa mtu aliye jikoni kwake, maana kila kona aliiweka kichwani. Kikibadilishwa kitu, tangazo hubandikwa kwenye chumba cha kubadilishia sare, nami humsomea kwa sauti huku najifanya napiga soga.

Kudeki ni kurudi nyuma. Asiyejua anadhani unasukuma kwenda mbele. Hapana, unavuta dekio kushoto na kulia huku unarudi kinyumenyume, usije ukakanyaga ulipolowesha. Nyuma huangalii. Korido ya ghorofa ya pili Dada aliijua kwa visigino. Hatua arobaini na moja, kisigino kinagonga ukuta wa mwisho, anageuka. Miaka kumi na mitatu ukuta ule haukuwahi kumdanganya.

Jumatatu moja tulirudi kutoka mapumziko ya siku mbili. Nilichelewa kufika, nikavaa sare mbio mbio, na tangazo la siku hiyo sikulisoma. Dada alikuwa ameshapanda juu.

Nilipomaliza ngazi niliona mwanga wa jua pale ambapo haukuwahi kuingia. Ukuta haukuwepo. Walikuwa wameubomoa ili kuunganisha jengo jipya, na mahali pake palikuwa na shimo la kwenda chini ghorofa mbili, la kuwekea ngazi mpya za umeme. Kilichozuia ni utepe wa plastiki uliofungwa kwenye ndoo mbili za rangi, nao umelegea hadi magotini. Dada alikuwa amelielekezea shimo mgongo. Anavuta dekio, anarudi, anahesabu kwa sauti ya chini.

Nikakimbia. Sakafu ilikuwa imelowa, nikateleza na kupiga goti.

"Thelathini na saba," nilimsikia.

"Dada! Simama!"

"Ni nani huyo anakanyaga sakafu yangu?" Akarudi hatua nyingine.

"Usirudi! Ukuta wameubomoa!"

"Na wewe, utani asubuhi yote hii." Lakini alisimama. Akapeleka mpini wa dekio nyuma, polepole, kama anayetafuta swichi gizani. Mpini haukugusa kitu. Akaupeleka mbali zaidi. Nikafika, nikamkamata sare kifuani na kumvutia kwangu.

Kelele zilimleta msimamizi wetu, mtu mpole anayetembea kwa raba hata usimsikie.

"Ramani! Hukuliona shimo lote hilo?"

"Nimeliona, bosi," Dada akasema, sauti imenyooka. "Nilikuwa nageuka."

Msimamizi akashusha pumzi. "Umenitisha, mama. Maana jengo jipya nilitaka nikukabidhi wewe. Kesho unaanza kule. Kuna ngazi sita, na wafanyakazi wapya utawazungusha."

"Asante, bosi." Alinibana mkono kwa kucha ili ninyamaze. Nikazifikiria ngazi sita, na mgongo wake unaziendea.

"Haoni," nikasema. "Bosi, dada yangu haoni. Karibu mwaka sasa."

Msimamizi alimtazama sana, kisha akapita nyuma yetu kimya kimya kwenda kuukaza ule utepe.

Dada aliuachia mkono wangu. Akanyoosha sare yake, akainua uso.

"Usimsikilize huyu, bosi," alisema, kwa ile sauti yake ya kuelekeza wateja. "Ana wivu na mimi tangu utotoni. Nakuona vizuri kabisa. Si wewe huyo hapo, umesimama mbele yangu?"

Akaitabasamia nguzo iliyokuwa mbele yake, akasubiri ajibiwe.