Babu Aomba Mpira

Babu alikuwa fundi pancha, na hakukuwa na tairi mtaani lililomshinda. Alipostaafu, binti yake alimletea kijiti chenye ukubwa wa kidole gumba, akakichomeka nyuma ya televisheni na kukiunganisha na intaneti ya nyumbani.

"Baba, hapa huhitaji antena wala dishi. Bonyeza kitufe hiki cha maikrofoni kwenye rimoti, useme unachotaka."

Babu aliitazama rimoti kwa jicho la pembeni, akaisogeza mdomoni. Timu yake ilikuwa inacheza jioni hiyo. "Naomba mpira!" akanguruma.

Televisheni ikafikiri kidogo, kisha ikaleta shamba la miti mirefu. Mwanamke mmoja alikuwa anachanja gome kwa kisu, na utomvu mweupe kama maziwa ukachuruzika kikombeni.

Mkewe akaangua kicheko. "Si uliomba mpira? Haya, huo!"

Binti alinyoosha mkono abadilishe, lakini Babu akamzuia. Alivuta kiti hadi karibu na kioo. Picha ilikuwa safi, kila tone likionekana. Maisha yake yote ameshika mpira, na habari za mti wake alikuwa akizisikia tu.

"Mama watoto," alisema taratibu, "kumbe ndio huu!"

Nje majirani walipiga kelele, goli limeingia. Babu hata hakugeuka.

"Mwanangu, hiki kijiti chako kinaweza kurudisha nyuma? Nataka nimwone tena anavyochanja."