Mafuta ya Baridi

Chumba cha mbele cha nyumba ya Bibi kilinuka viazi hata baada ya viazi vyenyewe kuondoka. Ilikuwa harufu ya udongo na magunia, na msimu ule ninaousimulia ikaongezewa harufu nyingine juu yake: ya shaba iliyochomwa, ya mpira mpya, na ya kitu laini chenye utamu wa mbali ambacho sikukijua jina. Mjomba Hoza, mdogo wake mama, alikuwa amerudi kutoka Tanga na ufundi wa viyoyozi. Alimwomba Bibi chumba kile, akapaka mlango rangi ya buluu, akaandika kwa mkono wake kwamba hapa panatengenezwa mashine za baridi. Ilikuwa Julai. Lushoto, Julai, ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba na kuingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Nguo iliyoanikwa Jumatatu huvaliwa Alhamisi ikiwa bado na wasiwasi. Watu waliopita wakiwa wamejifunga vitenge viwili viwili walisimama, wakasoma, wakacheka mpaka mvuke ukawatoka mdomoni. "Hoza," alisema muuza kabichi wa jirani, "kesho na mimi nafungua duka la kuuza milima."

Mjomba alivumilia kwa sababu alikuwa na haja kubwa kuliko kicheko. Alitaka kumwoa Naomi, nesi wa Bumbuli, na posa yake ilikuwa imerudi na jibu kutoka kwa baba wa binti, Mzee Singano wa Soni: hamwozi bintiye kwa mtu anayewauzia baridi watu wanaotetemeka. Hata hivyo, mzee alikuwa na basi dogo lililokwenda Tanga kila asubuhi, na kiyoyozi cha basi hilo kilikuwa kikipuliza hewa ya moto kuanzia Mombo, pale milima inapoisha na jua linapoanza kazi. Abiria walishaanza kupanda mabasi ya wengine. Kwa hiyo mzee akaongeza sharti. Hoza akilitengeneza, watazungumza. Akiiua ile mashine, hata shikamoo yake asimletee.

Mimi nyumbani nilikuwa naitwa Kwanini. Sikupewa jina hilo kwa mapenzi. Nilipoambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, niliuliza kama waliosikia wote walikufa na miguu mizima. Ndiyo maana Mjomba alinipenda kwa muda mfupi mfupi tu. Alinieleza kwamba moyo wa kiyoyozi ni kompresa, pampu inayosukuma gesi izunguke kwenye mabomba, na kwamba ndani yake kuna mafuta yanayosafiri pamoja na gesi ili vyuma visisagane. Gesi ya zamani ina mafuta yake na gesi mpya ina yake, alisema, na ukiwaozesha wasiopendana, kompresa itakwama. Dereva wa Mzee Singano alikuwa amependekeza waongeze oili ya injini, maana ilikuwepo. Mjomba alisimulia jambo hilo kama mtu anayesimulia uchawi. Yeye aliagiza Tanga kopo kubwa la mafuta yanayopatana na gesi ya basi lile, akaliweka chini ya meza, akatutangazia sheria moja: lisifunguliwe na mtu.

"Mafuta haya yanakunywa maji ya hewani," alisema. "Likiachwa wazi humu Lushoto, yatakunywa ukungu mpaka yalewe."

"Lakini mafuta na maji hayachanganyiki. Kila mtu anasema."

"Haya yanachanganyika."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na aliyekufundisha alijuaje?"

"Kwanini, nenda kamsaidie bibi yako kuni."

Sasa, ili mtu asilichanganye kopo lile na oili ya injini, Mjomba alikuwa amechukua kalamu ya wino mnene na kuliandika ubavuni: MAFUTA YA BARIDI. Kwa fundi, maneno hayo yalikuwa wazi kabisa. Kwa nyumba yetu pia yalikuwa wazi kabisa. Mafuta ya baridi ni yale unayopaka Julai, visigino vinapopasuka kama shamba la kiangazi, midomo inapochanika, na magoti ya wazee yanapoanza kutabiri mvua. Bibi alisoma polepole, herufi baada ya herufi kama anayechambua mchele, lakini alichosoma alikiamini. Siku Mjomba alipoteremka Mombo kuazima pampu ya kunyonya hewa, Bibi alikuwa akifunga kikapu cha kumpelekea Mzee Singano. Mkono mtupu haulambwi, alisema, na posa inayosuasua inahitaji parachichi. Kisha akakumbuka magoti ya mzee. Alilifungua kopo, akachota kwa upawa, akajaza chupa, akajipaka kidogo visiginoni ili kuhakiki, akaridhika. Kwa kuwa kifuniko kilipinda wakati wa kukibandua, alilifunika kopo kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua na matundu, kile cha kutandikwa juu ya kochi wageni wakija.

Mjomba alichelewa Mombo kwa siku kadhaa, maana mwenye pampu naye alikuwa ameiazimisha. Aliporudi alianza kazi ya kumwaga mafuta machafu ya kompresa, na alikuwa bado amelala chini ya basi mbele ya nyumba wakati Mzee Singano alipofika mwenyewe. Tulimwona akishuka ngazi zetu za mawe bila fimbo.

"Mama," alimwambia Bibi baada ya salamu ndefu, "yale mafuta ya baridi uliyoniletea ni dawa. Magoti yamelainika. Nimewapelekea na majirani."

Mjomba alitoka chini ya basi. Aliingia chumba cha mbele na mimi nyuma yake, akainama chini ya meza, akanyanyua kile kitambaa cha maua kwa vidole viwili kama mtu anayefunua uso wa marehemu. Nje, ukungu ulikuwa umefika usawa wa dirisha.

Alipotoka alisema mafuta ya kopo kubwa hayafai tena. Alikuwa na kikopo kidogo, alichopewa na muuzaji kama kionjo, kilichofungwa bado. Kingetosha kwa basi lile, na ziada ya kijiko kimoja au viwili tu.

Mzee Singano alimtazama, akalitazama kopo kubwa lililojaa karibu mpaka juu. "Kwa hiyo magoti yangu mmeyapa chupa nzima, na basi langu mnalipatia kikopo?"

"Baba, haya yameharibika. Yamekunywa ukungu. Yataila kompresa kutoka ndani."

"Mafuta ni mafuta. Kesho basi limekodiwa. Weka ya kopo kubwa."

"Siweki, Baba."

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kilichokuwa kinaondoka pale. Neno moja la "sawa" na angekuwa mkwe kwa jioni ile. Kompresa isingekufa siku hiyo hiyo, ingekufa baadaye, mbali, mikononi mwa dereva. Mzee alianza kufunga koti. Aliyemzuia hakuwa Mjomba. Alikuwa Bibi, na hakumzuia kwa huruma. Alikuwa amekasirika.

"Subiri, baba Naomi. Huyu mwanangu anasema kitambaa changu kimeharibu mafuta. Mimi nimekaanga maandazi tangu hajazaliwa. Mafuta yenye maji yanasema yenyewe. Nileteeni kikaango, tumuumbue."

Tulikwenda jikoni, kwenye jiko la mafiga. Mjomba alifungua kikopo chake kwa uchungu, akatoa kijiko kimoja, akaziba haraka na kukipakata kikopo kama kichanga. Kile kijiko kilipata moto kwenye kikaango kikavu, kikatetemeka, kikafuka moshi mwembamba, kikanyamaza. Bibi akapangusa kikaango, akamimina kijiko cha kopo kubwa. Tukainama wote wanne. Kwanza kimya. Kisha ta. Kisha ta, ta-ta. Kisha yakaanza kurukaruka na kulalamika kama maandazi yaliyotumbukizwa na mpishi mwenye mikono yenye maji.

Bibi aliepua kikaango. "Yana maji," alisema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi dhidi ya nduguye.

Mzee Singano aliinama, akayashika magoti yake. "Kwa hiyo magotini," alisema, "nimejipaka ukungu."

"Na yamepona," Bibi alisema haraka.

Basi likapata mafuta ya kikopo. Mjomba alinyonya hewa na unyevu kwa ile pampu, akajaza gesi, na kesho yake mzee alipanda mwenyewe kiti cha mbele, na mimi nikapakiwa kama shahidi. Kona za Soni zilipita salama. Tulipofika Mombo na joto likagonga vioo, ndani kulikuwa na baridi safi, kali, ya Lushoto hasa. Mama mmoja alitoa blanketi kwenye furushi. "Dereva, zima hiyo mashine. Baridi tumeiacha nyumbani, mbona inatufuata?" Mzee hakukubali izimwe. Muheza abiria waliteremka wote kununua machungwa, wakakaa juani zaidi ya ilivyohitajika. Harusi ilikuwa Desemba, wakati wa pichesi.

Leo naishi Dar es Salaam, na kiyoyozi cha ofisini kinapolia huwa nawauliza mafundi wanatia mafuta gani. Wengi hunitazama kama alivyonitazama Mjomba. Chuoni nilijifunza kwa nini mafuta yale hunywa maji: molekuli zake huyavuta na kuyashika, si kama mafuta ya alizeti. Jibu lilinifurahisha. Hata hivyo, jaribio la kwanza nililowahi kuliona lilifanywa na mwanamke aliyetaka kuthibitisha kwamba kitambaa chake hakina kosa, na aliposhindwa alisema ameshindwa. Nimekaa kwenye semina nyingi za wasomi nikisubiri kuona hilo mara ya pili. Kuhusu magoti ya mzee siamini kitu. Nadhani yaliponywa na kukaa karibu na moto akiyasugua. Nilimwambia hivyo. Hakuafiki.

Lushoto nayo imebadilika. Januari siku hizi wageni wa nyumba za kulala wanaulizia kiyoyozi, na muuza kabichi amenunua jokofu la soda ambalo Mjomba hulihudumia kwa heshima zote na kumkumbusha lile duka lake la kuuza milima. Dukani kwa Mjomba, kikaango kile sasa ni chombo cha kuwekea misumari. Makopo yako juu ya rafu, yamefungwa, na kila moja lina maandishi ya Naomi, sasa mke wa Mjomba, aliyekuja kutoka Bumbuli siku ile ile ya kikaango aliposikia baba yake amejipaka nini, akamwosha baba yake magoti kwa sabuni na kuomba kalamu ya wino mnene: MAFUTA YA KOMPRESA. SI YA MAGOTI. Mwaka jana, Julai, nilikuwa nimekaa dukani wakati mzee mmoja nisiyemjua alipoingia na kijichupa kitupu, akayasoma maandishi yale taratibu mpaka mwisho, kisha akaninong'oneza, "Ndiyo hayo hayo."