Chumvi ya Matanga kwenye Sukuma ya Rosa

Sukuma wiki ndiyo iliyonitoa Kayole, mwaka wa elfu mbili na tatu. Mke wangu Rosa aliipanda nyuma ya ploti. Niliporudi kutoka kumzika Bungoma, niliikuta imenyauka, kingo za majani zimeungua. Akina mama waliokuja matanga waliosha sufuria pale, wakamwaga maji ya chumvi na magadi. Hawakuwa na nia mbaya. Kwetu mboga haipikwi bila magadi. Nikang'oa mche mmoja, nikaufunga kwa gazeti, nikampelekea Nekesa, dada ya Rosa, anayefanya kazi kwenye maabara ya mimea huko upande wa Kabete.

Saa nne asubuhi nilifika. Nekesa akafungua gazeti. "Shemeji, unaniletea mboga bila unga?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Maabarani aliweka mkanda wa video. "Huu ni mzizi wa mmea mdogo. Umetiwa protini ya kiumbe wa baharini. Kalsiamu ikiongezeka, inang'aa. Sasa wanatia chumvi. Tazama!"

Mzizi ukawaka papo hapo! Niliruka kitini. "Rudisha tena!"

Akarudisha, huku akieleza. Sodiamu ya chumvi ikiingia, kalsiamu hupanda ndani ya seli. Protini moja huinasa, humwamsha mwenzake, na huyo huwasha pampu zinazosukuma sodiamu nje.

"Na inayobaki?"

"Hufungiwa kwenye ghala ndani ya seli. Nyingi huishia majani ya zamani."

"Na ndani ya mmea, nani huionja chumvi kwanza?"

"Hapo bado hatujui, shemeji."

Akaniagiza nimwagilie maji mengi ya mvua, chumvi ishuke chini, kisha nichume majani ya chini. "Ya chini siyachumi," nikasema. Hayo ndiyo Rosa aliyoyaacha. Sikutaka hata jirani ayaguse.

"Unatunza chumvi," Nekesa alisema polepole. "Rosa angekukimbiza na mwiko."

Saa kumi nilikuwa Kayole, nikibeba ndoo mbiombio. Jirani yangu Mama Brayo akashangaa. "Baba Wafula, moto uko wapi?"

"Sukuma ina pampu ndani!"

"Ya stima ama ya dizeli?"

Nikamweleza nilichokielewa, akaleta ndoo yake. Nilidhani sukuma inangoja kufa tu. Kumbe ilikuwa kazini tangu maji ya kwanza yalipomwagwa.

Nikainama, nikachuma majani ya chini, moja moja. Kwenye ncha ya shina moja palikuwa na jani dogo la kijani, bado limejikunja. Hilo Rosa hakuliona.