Uso wa Mama Mkwe

Makarani wenzangu walikuwa na starehe za kiume. Mmoja alicheza dansi Kilosa mjini, mwingine aliwinda nguruwe hadi kule Mikumi akarudi na hadithi ndefu kuliko nguruwe wenyewe. Mimi, kengele ya ofisi ya mkonge pale Rudewa ikilia, nilikuwa nimeshavua viatu. Sikuwa mtu wa kutoka. Ndiyo maana Mzungu mmoja wa shambani aliyekuwa anahama, mizigo imemzidi, aliponiachia kamera yake kuukuu ya sanduku, niliipenda papo hapo. Hatimaye nilipata starehe ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa peku.

Nilikuwa nimesoma sekondari ya misheni miaka miwili, kwa hiyo kile kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na kamera nilikielewa nusu. Nusu ya pili nilifundishwa na makosa. Picha nilizisafisha mwenyewe, adhuhuri, ndani ya stoo ya mahindi, mlango umezibwa kwa blanketi, na taa ya chemli imefunikwa kipande cha kanga nyekundu. Kanga hiyo ilikuwa ya nani, nilikuja kuambiwa baadaye, tena kwa sauti ya juu.

"Baba watoto, nataka unga."

"Usifungue! Picha inaoga."

"Na wanao wanataka kula. Niwapikie hiyo picha?"

Basi picha ilipata mwanga, ikaungua, ikabaki nyeusi kama sufuria, na mke wangu akasema ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa hiyo angalau haikuonyesha kiwiko cha mtu badala ya uso.

Mwaka huo mama mkwe wangu aliteremka kutoka milimani kuja kumwona binti yake. Hapo inabidi nieleze. Sisi watoto wa manamba, ambao baba zetu waliletwa mkongeni kwa mkataba kutoka mbali, mila nyingi tulizimwaga njiani. Ukweni kwangu walikuwa nazo zote, hazijapungua hata moja. Na mila yao kubwa ni kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kwa wengine si taabu, wanakwenda zao dansini. Lakini mimi na nyumba ya vyumba viwili! Ndani ya wiki moja nilikuwa najua kila ufa wa kila ukuta.

Asubuhi hadi jioni mke wangu alibeba maneno kati yetu, na sisi tumepishana hatua tano.

"Mwambie mama, shikamoo."

"Anasema marahaba. Anauliza umelalaje."

"Mwambie, salama."

"Amesikia, kwani ni kiziwi?"

Siku ya Jumatano mama mkwe akatoa ombi lake. Mwanawe wa kiume wa pekee, shemeji yangu, alikuwa Tanga, fundi wa mashine za mkonge, mwaka wa tano hajarudi. Huko amezaa binti, na binti kapewa jina la bibi yake. Mama mkwe magoti yalikuwa yamekwisha kwa ule mteremko wa milimani, hata ngazi za treni asingeziweza. Na Jumamosi jioni seremala jirani yetu alikuwa anasafiri kwenda huko huko Tanga.

"Anasema mama," mke wangu akanifikishia, "mtoto atabebaje jina la mtu asiyemjua sura? Anataka upige uso wake, seremala aupeleke."

Nilivimba kichwa. Tangu nianze, hakuna mtu aliyewahi kuniomba picha, wengi waliniomba niache. Kisha nikakumbuka mambo mawili. Kwanza, filamu ilikuwa imebaki na picha mbili tu, na nyingine ingetoka Morogoro mwezi ujao, Mungu akipenda. Pili, uso wenyewe nilikatazwa kuutazama.

Alhamisi jioni tukatoka uani. Kamera ile unaishika tumboni, unainamia kijioo kidogo juu yake, na humo unamwona mtu, mdogo kama punje ya hindi. Nikaleta hoja ya kisekondari.

"Mwambie mama, kiooni si usoni. Nitaona kivuli tu."

Mama mkwe akafikiri. "Anasema kama ni kivuli, sawa."

Akakaa kwenye kigoda. Nikainama. Na kweli, akatokea kijiooni, mdogo, hai, macho yake yananitazama moja kwa moja. Sijui kilinipata nini. Nilifumba macho yangu yote mawili, nikabonyeza.

"Mama kajifunika!" mke wangu akapiga kelele.

Naye, kumbe, aliponiona nimemwinamia, heshima ilimshinda, akajitupia kanga kichwani. Kwa hiyo mpigaji amefumba macho, mpigwaji ndani ya kanga. Ikabaki picha moja.

Nikabuni njia nyingine. Nikampa mama mkwe mgongo, nikaigeuza kamera itazame nyuma chini ya kwapa langu, na mke wangu akawa ananielekeza. Majirani wakaanza kujipanga kwenye ua wa mabua.

"Juu kidogo. Juu! Kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwa mama! Hapo umeshika choo. Sasa umeshika mbuzi."

"Huyo karani anakwapua nini?" jirani mmoja akauliza.

"Anampiga picha mkwewe."

"Kwa kwapa?"

Mke wangu alikuja akaninyang'anya kamera. "Lete hapa. Mimi nimechoka kuwa posta."

"Hujui kuitumia! Inataka elimu."

"Kitu cha kubonyeza, nacho kina elimu gani? Wewe geukia ukuta."

Nikageukia ukuta, mikono nyuma, nikabaki kutoa amri kama mtu mwenye cheo. Ishike tumboni. Jua liwe mgongoni. Usipumue. "Wewe ndiye usipumue," akanijibu, na hapo nikamsikia mama mkwe anacheka, cheko la ghafla, la msichana. Katikati ya cheko, kamera ikalia ka.

Ijumaa mchana niliingia stooni. Safari hii mke wangu alilinda mlango, na aliyetaka unga alirudishwa na njaa yake. Filamu ikalala usiku kucha ikikauka. Jumamosi asubuhi nikatoa picha kwenye karatasi, nikaitumbukiza kwenye bakuli letu la mchicha, safari hii limejaa dawa ya picha. Ikaanza kutokea polepole: kigoda, kanga, kisha uso wote, mikunjo yote, pengo la jino moja, macho yamefinyika kwa kicheko. Ndivyo nilivyomwona sawasawa mama mkwe wangu, baada ya miaka saba ya ndoa, stooni kati ya magunia. Nilimtazama nikashiba. Alikuwa mke wangu hasa, pale anapojiandaa kunicheka.

Kisha pembeni kulia kikatokea kitu kingine. Ni mimi. Kaptura, soksi za ofisini, pua ukutani, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekutwa ameiba chaki.

Nikatafuta mkasi.

"Ukikata hapo unamkata na mama bega," mke wangu akasema, na mkasi akaukalia. Picha ikaondoka na seremala ilivyo.

Baada ya majuma kadhaa barua ikafika. Msomaji ni mimi, basi nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, mama mkwe yuko upande wa pili, nikaisoma kwa sauti. Shemeji alisema mama hajazeeka hata kidogo. Alisema mtoto amepewa picha aishike na hataki kuirudisha, analala nayo, na wageni wote wanaonyeshwa bibi mwenye jina lake. Nikaona mstari unaofuata, nikaanza kuikunja barua.

"Endelea," mke wangu akasema.

Nikaendelea: "Mama, huyo aliyegeukia ukuta amefanya kosa gani?"

Mke wangu aliangua kicheko hadi akaketi chini, na maneno yakakosa wa kuyabeba. Tukasubiri, mimi huku, mama mkwe kule. Mwisho nikasikia mama mkwe anamsemesha kuku aliyekuwa anapita jikoni, kwa sauti ya kunitosha mimi:

"Wewe kuku, mwandikie mwanangu kwamba huyo hana kosa. Ndiye mwenye kamera."

Nikachukua kalamu, nikaandika kama alivyoambiwa kuku.