Wino Yenye Nilichora Mara Tatu

Eti nilimuuza yaya, dada yangu mukubwa. Apana, keti kwanza. Mutu akimutukana yaya yangu mi napigana, barrière yote, pale mupakani, inajua. Iko dereva moja wa moto, wa pikipiki, wa Rubona, mupaka leo hapiti mbele ya mulango yetu. Donc usinifundishe mapendo ya ndugu. We haukukuwa mule ndani.

Yaya anavuka kila asubuhi, anapeleka karoti Goma, mutoto kwa mugongo. Ile wiki ya chanjo ya surua, watu wa afya walisimama barrière, wanaangalia watoto kidole kidogo ya mukono wa kushoto. Kama iko na wino ya chanjo, pita. Kama hakuna, sindano palepale. Yaya akarudi nyumbani. Mutoto wake wa kwanza, mbele ya huyu, alichanjwa, kisha siku mbili akakufa. Docteur alimuelezea ni malaria, mutoto alikuwa nayo mbele ya sindano. Mi niliamini docteur. Yaya alihesabu tu zile siku mbili.

Akanikuta mi, petit yake, mudogo wake, naandika kibao ya saluni. Hiyo kazi hakuna mutu alinifundisha, niliiba kwa macho.

"Petit, hiyo kalamu yako inafutika na maji?"

"Kwa mabati haifutike. Kwa ngozi sijue."

"Bon. Muchoree huyu."

Nikachora. Nilichora vizuri hata, ukucha na ngozi kidogo, sawa vile wao wanafanya. Mutoto akacheka, akaleta kidole ingine. Kesho yake wakapita barrière. Wino ilipoanza kufifia, nikachora mara ya pili.

Halafu mutoto wa nyumba ya nyuma akaamuka macho mekundu, vipele kwa uso. Mujyanama, ule mama wa mutaa anayefuata afya ya watoto, akakuja akasimama kwa mulango. "Hakuna mutoto anatoka hapa. Wenye hawana wino, kesho asubuhi wanapata sindano. Wenye wako nayo, basi."

Lupango yetu, ule uwanja wa ukuta moja, iko na nyumba ine, robine moja ya maji, mulango moja ya kutokea. Kila nilipogeuka, macho ya yaya yalikuwa pale. Hata kwa choo nilisikia ananingojea inje. Mchana akaleta kalamu yeye mwenyewe.

"Imefifia. Fanya mbio."

"Yaya, jana mutoto alikula sahani moja na ule mugonjwa."

"Nimekuambia fanya."

Nikachora mara ya tatu. Yeye njo alishika kidole.

Koko, nyanya yetu, alikuwa pembeni anamenya viazi ya Mudende, anatuona. Hakutugombeza. Akashusha blouse kwa bega, kovu ya mviringo, kubwa kama kifungo ya koti.

"Hii chanjo walinitia sokoni, hapa hapa Gisenyi, niko mudogo kama huyu. Ndui iliingia mutaa. Mama alituficha mu mahindi, mi na kaka yangu. Mi nilikohoa, watu wa chanjo wakanikamata. Yeye hakukohoa, na ndui ikamubeba."

Akaendelea kumenya.

Asubuhi mujyanama akarudi na munganga mwenye sanduku ya sindano. Wakapita nyumba kwa nyumba. Kwetu, mujyanama akauliza, "Na huyu?"

"Iko na wino," yaya akasema, akainua kile kidole.

Mujyanama akageuka aende. Mi nilitaka kupiga mutu, na hakukuwa mutu wa kupiga.

"Ni wino yangu," nikasema. "Kalamu njo hii."

Mujyanama hakupiga kelele. "Lete mutoto," tu. Yaya alinitazama murefu, halafu akafungua kitambaa yeye mwenyewe, akatoa mutoto kwa mugongo.

Siku mbili zilizofuata alikaa na mutoto kwa mapaja, anamugusa kipaji, anamugusa kipaji. Homa ikakuja, ndogo. Mi nilikaa kwa kizingiti, sikuweza kuingia, sikuweza kutoka. Siku ya tatu mutoto akaomba uji.

Lupango ikafunguliwa. Surua haikumushika. Yaya anavuka tena na karoti yake, mutoto kwa mugongo. Akirudi anamusalimia koko, ananipita mi kama niko kiti. Mwezi muzima hajaniita petit.

Bon, we unayesema nilimuuza, kalamu iko hapa. Ungechora mara ya ine?