Siku Nilipomfanya Binti Yangu Mhandisi

Sisi Wakenya wa Minnesota, mtoto akimaliza sekondari, kwenye sherehe yake hatuli mpaka mzazi ashike maikrofoni atangaze chuo anachokwenda. Nimeshuhudia pilau likipoa huku baba mmoja akilinganisha vyuo viwili ambavyo hakuna aliyemuuliza habari zake.

Zamu yangu ilifika Juni, kwenye gereji ya nyumba yetu, mjini Champlin. Binti yangu alikuwa amechagua chuo cha ufundi, miaka miwili, akajifunze kufunga nyaya za umeme majumbani. Mimi, mwalimu wa fasihi huko nyumbani, mwenye shahada mbili, niliona aibu, na sina sababu ya kuficha. Asubuhi hiyo aliniomba kitu kimoja tu.

"Mum, sema ukweli. Usini-edit."

Nikamwambia sawa.

Kumbe mstari wa mbele ameketi mzee wa kanisa, yule ambaye usipomwita Daktari hasikii. Nilipomwona, maikrofoni tayari mkononi, ulimi ukajiendea wenyewe: uhandisi wa umeme! Makofi yakapigwa. Daktari akaitikia kwa kichwa, nami nikajiona nimepata shahada ya tatu.

Binti akaomba maikrofoni. Alikuwa anatabasamu, jambo lililonitisha zaidi. Siku zote hunijibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alichagua Kiswahili, ili kila mtu asikie vizuri.

"Mimi nitakuwa fundi wa umeme. Mum wangu anaosha wazee na kuwabadilisha nepi, na niko proud na yeye. Nilitaka tu na yeye akuwe proud na mimi."

Kanisani nilikuwa najulikana kama mtu wa usimamizi wa afya. Akina mama, wasimamizi wenzangu wote, wakaanza kukagua sahani ambazo hazijapakuliwa kitu. Mke wa Daktari akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini kama kazini kwangu wanaandika watu wa zamu ya wikendi.

Nilikuwa na hasira, nusu kwa binti yangu, nusu kwangu mwenyewe. Nikarudi mbele hivyo hivyo, nikachukua maikrofoni. Nikasema nimedanganya. Binti yangu anakwenda kujifunza ufundi wa umeme, na niliyekuwa namwonea aibu miaka yote hii si yeye, ni mimi.

Safari hii alipiga makofi mtu mmoja tu, binti yangu, na alikuwa analia.